Fremu ya mama mkwe

Leo kabla sijatia chai mdomoni, simu. Mama mkwe. "Mwanangu, ile fremu yako imenimalizia umeme." Fremu yangu! Fremu ya umeme, ya kuonyesha picha moja baada ya nyingine. Siku ya Idi mosi ilikuwa zawadi yake. Tokeni zikiisha inarudi kuwa yangu.

Nimwambie nini? Kile kitu hakifiki hata wati 10. Friji lake, mpira wa mlango ushakufa, limejaa barafu za ukwaju za biashara, linanguruma usiku na mchana. Lakini friji halikuletwa na mkwe. Na bibi huyu huyu, mwishoni mwa 2009 Unguja ilipoingia kiza miezi mitatu, alikaa na kandili yake kimya, hakumpigia mtu simu.

Kosa langu pupa. Nilitaka nionekane mkwe wa maana: fremu ya inchi 10, nimeigombea bei Darajani mpaka koo likanikauka. Picha za simu nikazimimina zote kwenye kadi. Nani wa kuchambua picha 1,400 usiku wa kuamkia sikukuu?

Basi ukumbi umejaa. Mashangazi mkekani, watoto na nguo mpya, mie kitini kama mshenga. Nikachomeka. Ikatoka picha ya mama na buibui lake. "Mashaallah!" Wajukuu. "Mashaallah!" Waridi lililoandikwa Ijumaa Karim. Hilo nalo mashaallah. Ikaja pampu ya kisima iliyoungua, niliyompigia picha fundi. Kimya. Nikaitafuta rimoti, shemeji kaikalia. Hapo ndipo likatoka, linang'aa, daftari langu la madeni, mwandiko wangu mwenyewe: "Mama mkwe, 40,000, Ramadhani. AKUMBUSHWE."

Kila picha sekunde 10. Umeme huu wetu, ukipiga pasi unakatika, mpira ukifika penalti unakatika. Siku hiyo nimeuombea ukatike kwa kila dua niliyosomeshwa chuoni, ukasimama kama mnara wa Michenzani! Shangazi mmoja akaomba miwani. Akasoma kwa sauti, kwa silabi, "A-ku-mbu-shwe."

"Nani huyo?" akauliza mama, anajua vizuri.

Hiyo elfu arubaini sijaiona mpaka leo, na kuitaja tena siwezi mpaka naingia kaburini. Badala yake natuma tokeni. Nikimwambia aizime usiku, anasema hawezi kuwazimia taa wajukuu.

Haya, nimetoka kuzinunua. Duka la kwanza mtandao hakuna. La pili kijana anacheza gemu, "ngoja mzee." Mzee! Ana ndevu kunishinda. Kanifanyia, namdai mia tano, kanikabidhi pipi kumi: chenji hana. Pipi za wiki nzima zimo mfukoni, moja imeyeyukia kwenye funguo. Kesho napanda nazo daladala ya Mwanakwerekwe, utingo akidai nauli nampa pipi hizo, na namwambia ya juu anirudishie.