Konea ya kuchapwa haimfukuzi mchangiaji
Kila zinapotoka habari za konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, iliyochapwa kwa printa, hazikosi kufuatwa na swali: kwa nini fedha za uchapaji huo zisipelekwe kwenye benki za macho, zinazokusanya na kuhifadhi macho yaliyochangwa? Kupandikiza konea si jambo geni. Daktari Eduard Zirm alifanikiwa kule Olomouc, mji ulioko leo Jamhuri ya Cheki, Desemba 1905. Kinachokosekana, husemwa, ni wachangiaji na wapasuaji, si mashine.

Swali ni la haki, ila linachukulia kwamba printa imekuja kumwondoa mchangiaji. Sivyo. Mwaka 2018 timu ya Che Connon wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, ilichukua seli za konea iliyochangwa, ikazichanganya na kolajeni, protini inayoupa mwili nyuzi zake, na aljineti, ute unaotokana na mwani, kisha ikachapa umbo la konea kwa muda usiofika dakika 10. Bila marehemu aliyeacha macho yake, mchanganyiko huo, ambao ndio wino wa printa, usingekuwapo.

Kinachobadilika ni hesabu. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulikadiria kwamba watu milioni 12.7 wanasubiri konea, na kwamba hupatikana moja kwa wahitaji 70. Moja kwa 70! Tuhamasishe mpaka wachangiaji waongezeke mara kumi, bado watu saba wataigombea konea moja. Na hiyo moja huhifadhiwa kwenye ubaridi kwa wiki mbili hivi, tena huweza kukataliwa kwa sababu seli zake za nyuma zimepungua. Oktoba 2025 kule Haifa, Israel, mgonjwa aliwekewa kwa mara ya kwanza kipandikizi cha konea kilichochapwa, na kampuni iliyokitengeneza inasema seli za mchangiaji mmoja zinatosha vipandikizi 300 hivi. Kampuni husifia chake, sawa. Ikate hesabu hiyo hadi 30 tu: wale watu 70 wanahitaji wachangiaji watatu.

Wengine hupinga kwamba konea ya kuchapwa si imara, na pingamizi hilo lina uzito. Konea ina unene wa nusu milimita hivi, na nyuzi zake za kolajeni zimepangwa kwa ustadi ambao printa bado haijaufikia. Ute uliochapwa ni laini. Ukipitishwa sindano na uzi mwembamba kuliko unywele, huchanika. Lakini kipandikizi cha Haifa kinalenga ugonjwa wa tabaka la nyuma, ambako kwa kawaida kipande hushikizwa kwa kiputo cha hewa. Seli za huko husukuma maji nje ya konea na hazijizalishi upya. Zikifa, konea huvimba, na mgonjwa huamka asubuhi akiona kama anachungulia kupitia dirisha lenye ukungu.

Pingamizi linaloniumiza kichwa zaidi linatoka Japani. Tangu 2023 nchi hiyo imeruhusu seli za tabaka hilo kuoteshwa maabara na kudungwa ndani ya jicho. Mchangiaji mmoja hutibu wengi, bila printa. Kwa ugonjwa wa nyuma, huenda sindano ikashinda.

Sindano hiyo, hata hivyo, haiondoi kovu. Aliyeachiwa kovu zito na kidonda au ajali anahitaji tabaka nene la katikati, na hapo ndipo fedha za uchapaji zinapaswa kuelekezwa, sambamba na za kufundisha wapasuaji, maana printa haishoni jicho. Jaribio la Haifa ni la awamu ya kwanza, kwa wagonjwa wachache, na halijagusa tabaka hilo.