Mvua ya 6 kwa 10

Mimi ni mhakiki wa modi. Hakuna aliyeniteua, nilijiteua mwenyewe, na kama wengi waliojiteua, kazi naifanya kwa ukali kuliko wanaolipwa.

Modi ni kiraka cha mchezaji. Gemu imetoka, yeye kaona farasi hana mwendo, kafungua mafaili, kamnyoosha farasi, kisha anawagawia wenzake bure. Viraka vingine hukua vikawa vazi kamili: Counter-Strike ilianza mwaka 1999 kama modi ya Half-Life, na leo wapo wanaoicheza usiku kucha ambao Half-Life yenyewe hawajawahi kuifungua. Vingine havina haja ya kukua. Kuna mtu aliwahi kuyageuza majoka ya Skyrim, gemu ya mapanga na majoka, kuwa treni ya katuni za watoto, linateremka kutoka mawinguni linapiga honi na kutema moto, na mpaka leo sijaona uboreshaji uliozidi huo. Mimi najaribu vyote, halafu nawaambia wenzangu kipi waweke na kipi kitawaharibia sevu, yaani gemu waliyoihifadhi, ya miezi minne.

Siku hiyo nilikuwa nimepakua modi ya mvua, ya Skyrim hiyohiyo. Maelezo yake yaliniteka: mawingu yanayojikusanya taratibu kabla ya kunyesha, matone yenye ukubwa tofauti, na radi inayochelewa kusikika kulingana na umbali wa umeme. Nikaisakinisha kwenye programu yangu ya kusimamia modi. Humo nilikuwa tayari na msongamano. Skyrim ya mwaka 2011 inakubali faili kuu zisizozidi 255, na hapo zimehesabiwa hata za gemu yenyewe. Mimi nilikuwa nimefika 238 na bado najiambia nafasi ipo. Nikapiga picha ya orodha yote ili wasomaji wajue naihakiki modi katika mazingira gani, nikalizungushia jina la modi ya mvua duara jekundu. Mhakiki makini huweka ushahidi. Likumbuke hilo duara.

Mdogo wangu wa kike alikuwa ameketi nyuma yangu na miguu juu ya kiti. Ana miaka 12 na huwa hana kazi ya kufanya ninapokuwa na kazi.

Nilianza gemu mpya kabisa, maana sevu ya zamani haitoi ushahidi safi. Mnaoijua mnajua inavyofungua: uko kwenye mkokoteni, umefungwa mikono, wewe na wafungwa wenzako mnapelekwa kukatwa vichwa. Ni mwanzo wa huzuni na utulivu. Wangu ulitulia kama sekunde tano. Kisha mkokoteni ukaanza kutetemeka kama una homa, gurudumu moja likazama ardhini, farasi akainuka angani akiwa bado anapiga hatua, na sote tukapinduka. Mfungwa aliyeketi mbele yangu hakujali. Kichwa chini, miguu juu, aliendelea kunisimulia habari za vita na wafalme kwa sauti ileile ya upole.

"Kaka, hiyo ni kawaida?" mdogo wangu akauliza.

"Ni modi," nikasema, huku naandika.

Na hapa ndipo elimu iliponiponza. Mkokoteni huo una historia yake. Mwaka 2021 mmoja wa waliotengeneza gemu hiyo alisimulia kwamba wakati wa kuijenga mkokoteni ulikuwa unaruka angani, wakahangaika weee, mpaka wakagundua kisa ni nyuki. Nyuki alikuwa anapita njiani, na kwa hitilafu fulani hakuna kitu kilichoweza kumsogeza. Mkokoteni ukimgonga, unaoruka ni mkokoteni. Mimi kisa hicho nakipenda kupita kiasi. Kwa hiyo nikakipachika kwenye uhakiki, nikaongeza uchambuzi wangu: "Bila shaka mtengenezaji ameyapa matone ya mvua uzito, nayo sasa yanafanya alichofanya yule nyuki."

"Lakini mvua haijanyesha bado," akasema mdogo wangu.

Nikamwambia ni unyevunyevu.

Nilipofika kijiji cha kwanza nikasimama uwanjani kuisubiri mvua. Ikaja. Ndugu zangu, niliiona. Nasema niliiona! Niliandika aya tatu kuhusu tone moja lililotua kwenye kofia ya mlinzi. Niliandika kwamba mawingu yalikuwa na "kusitasita kwa kibinadamu". Niliandika kwamba kwa mara ya kwanza katika gemu nilihisi baridi mabegani, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa sababu dirisha lilikuwa wazi.

"Kaka."

"Nini tena?"

"Hii si mvua ileile?"

"Angalia matone yanavyokuja kwa mshazari."

"Yalikuwa yanakuja hivyohivyo."

"Wewe hujazoea kutazama. Jicho la uhakiki ni kitu kingine."

Kisha nikaingia kwenye radi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukihesabu sekunde kati ya umeme na ngurumo unapata umbali. Nikahesabu. Mara ya kwanza nikapata 0. Mara ya pili nikapata 7. Nikachukua wastani, nikauita 3, nikazidisha, nikapata kilomita moja na ushei. Nikafungua ramani ya gemu, nikatafuta mlima ulio umbali huo, nikaupata, nikauzungushia duara nao. "Umeme ulipiga hapa," niliandika. "Mtengenezaji wa kiwango hiki huzaliwa kwa nadra."

Ningeishia hapo ningempa 9 kwa 10. Lakini akapita kuku.

Vijiji vya Skyrim vina kuku, na mchezaji mzoefu huwaheshimu, maana ukimuua mmoja kijiji kizima kinaweza kukutolea mapanga. Huyu alikuja akidonoa, akageuka, nikaona ana uso wa mtu. Sio wote. Jicho moja lilikuwa shingoni, limevimba. Pua ilikuwa imelala kando ya uti wa mgongo. Midomo ilikuwa imetandazwa tumboni, na kila alipopiga hatua ilikuwa kama anataka kusema jambo akaghairi. Nyuma yake wakaja wengine wawili, sura hiyohiyo.

Mdogo wangu akashusha miguu, akasogea mpaka pua yake ikakaribia skrini.

"Kaka, huyu kuku kafanana na wewe."

Nikamfukuza akalale.

Sikutaka kumwonea mtu, lakini mvua na kuku wapi na wapi? Nikakaa nikaandika kwa hasira ya haki: "Sielewi ni kwa nini modi ya hali ya hewa imewagusa kuku, tena kwa sura ya mtu asiyelala wala asiyeoga, mwenye macho ya kudaiwa. Aliyebandika uso huu anyang'anywe kibodi na asirudishiwe mpaka aombe radhi kwa kuku." Nikatoa alama moja kwa mkokoteni, tatu kwa kuku. Jumla 6 kwa 10. Nikaachia uhakiki hewani, nikalala usingizi wa mtu aliyetenda haki.

Wasomaji waliupenda. Mmoja aliniandikia kwamba naye aliona kile kusitasita kwa mawingu. Mwingine alinishukuru kwa kumwokolea kuku wake. Kwa siku tatu nilivikwa kilemba cha ukoka nikakivaa mpaka usingizini.

Siku ya nne ukaja ujumbe wa mtengenezaji mwenyewe. Nilijiandaa kwa matusi, maana hayo nayajibu vizuri. Hakutukana. Aliandika kwa adabu iliyoniumiza kuliko tusi lolote:

"Ndugu mhakiki, asante kwa kuitazama kazi yangu kwa makini. Nimeusoma uhakiki wako mara mbili. Nimetazama pia picha ya orodha yako. Ndani ya lile duara jekundu, upande wa kushoto wa jina la modi yangu, kuna kisanduku. Naomba ukitazame."

Nikaifungua picha, nikaikuza.

Kwa wasiotumia programu hizi: kusakinisha modi hakutoshi. Faili inakaa kwenye orodha kama mgeni aliyefika mlangoni; mpaka uweke tiki kwenye kisanduku chake ndipo gemu inamruhusu kuingia. Ndani ya duara langu jekundu, nene, nililolichora kwa mkono wangu ili dunia nzima isikose kuona, kisanduku kilikuwa kitupu. Cheupe kama jino.

Maana yake niliihakiki mvua ya mwaka 2011. Ileile niliyokuwa nikinyeshewa kwa miaka yote nikiilalamikia. Yale matone ya mshazari, ile kofia ya mlinzi, ule mlima. Ule mlima, jamani, niliupigia hesabu.

Ujumbe ulikuwa unaendelea. "Kuhusu mkokoteni, je, umeondoa kikomo cha fremu?" Nikataka kujibu hapana, kisha nikakumbuka. Mwezi uliopita nilipata skrini mpya yenye uwezo wa fremu, yaani picha, 144 kwa sekunde, nikaona ni uonevu kuifungia kwenye 60, nikaingia kwenye faili ya mipangilio nikabadilisha 1 kuwa 0. Gemu hii hesabu zake za vitu kugongana zimefungamana na fremu 60. Ukiipeleka mbio zaidi ya hapo, injini inachanganyikiwa, vyombo vinaruka mezani, na mikokoteni inajifunza kuruka. Hakukuwa na nyuki wala unyevunyevu. Kulikuwa na mimi na sufuri yangu.

"Na kuhusu kuku," alimalizia, "sijawahi kugusa kuku."

Hapo nikapumua. Angalau hili halikuwa langu. Nikaamua kumsaka mwenye kuku ili nipate mtu wa kugawana naye aibu. Nikapitia orodha yote, faili 238, hakuna iliyotaja kuku. Nikaingia moja kwa moja kwenye folda ya data ya gemu. Kuna jambo ambalo mhakiki yeyote analijua, na mimi nimelieleza kwa wengine mara nyingi: picha za ngozi ukizitupa humo kama faili huru, hazihitaji tiki wala hazionekani kwenye orodha. Zinapita juu ya zile za asili kimyakimya, na zinakaa humo hata miaka.

Nikakuta folda ya kuku. Ndani yake faili moja. Tarehe yake ni ya miaka miwili iliyopita, saa 8 na dakika 47 usiku.

Nikaifungua. Ngozi ya kuku ndani ya faili haina umbo la kuku. Imekunjuliwa ikawa bapa, kama ngozi inayosubiri kuwambwa ngoma, kwa hiyo chochote utakachobandika humo kitavutika kikishavaliwa na kuku: jicho linaishia shingoni, pua mgongoni. Lakini kwenye faili, kabla haijavaliwa, picha bado imenyooka. Ilikuwa picha ya mtu aliyejipiga mwenyewe gizani kwa mwanga wa skrini. Hajalala, hajaoga, macho ya kudaiwa.

Ikanijia yote. Usiku ule nilikuwa najifunza kutengeneza modi. Nilichagua kuku kwa sababu ni mdogo nikadhani ni rahisi. Nilibandika, nikacheka peke yangu, nikasema kesho nitaitoa.

Na bado nilikuwa nimeandika, hadharani, kwamba aliyefanya hivi anyang'anywe kibodi.

Nilifikiria kunyamaza. Ningemkiri mtengenezaji la kisanduku na la sufuri, la kuku nikalimeza. Hakuna haja ya kumwaga mtama penye kuku wengi, hasa kuku wenyewe wakiwa na sura yako. Lakini nilipogeuka mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti, sijui tangu saa ngapi, anaitazama ile picha kwenye skrini.

"Nilisema," akasema.

Ndiyo maana masahihisho yangu yalitoka na yote matatu. La kuku niliweka mwisho, kwa maandishi madogo, na ndilo pekee lililosomwa. Mtengenezaji wa mvua alijibu kwa mstari mmoja tu: angeweza kupata nakala ya kuku?

Usiku huo niliweka tiki. Nikarudisha 1 mahali pake. Nikaanza upya, mkokoteni ukaenda mwendo wa polepole mpaka kwenye kukatwa vichwa, burudani kabisa. Nikafika kijijini nikasubiri. Safari hii mawingu yalianza mbali, nyuma ya mlima, yakajisogeza bila haraka. Tone la kwanza likatua kwenye ngazi za nyumba likaacha doa. La pili likawa kubwa kuliko la kwanza. Umeme ukapiga, tukangoja, tukangoja, ndipo ngurumo ikaja. Mdogo wangu aliacha kutafuna kalamu.

"Sasa hii ndiyo mvua," akasema.

Wanakijiji wakakimbilia ndani. Uwanjani akabaki kuku mmoja, kalowa chapachapa, maji yanamtiririka kutoka kwenye jicho langu la shingoni mpaka kwenye midomo yangu ya tumboni. Akasimama, akanigeukia.

"Usimtoe," akasema mdogo wangu.