Alcoblow: Majaji Hawakuwatetea Walevi

Adhabu za ulevi barabarani zikijadiliwa Kenya, haichukui muda kabla mtu kuitaja hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya Mei 2017, na mara nyingi huitaja kana kwamba siku hiyo walevi walifunguliwa lango. Majaji hawakuwazuia polisi kutumia Alcoblow, kifaa ambacho dereva hukipulizia ili kupima pombe katika pumzi yake. Walisema tu kwamba namba inayoonekana kwenye kifaa hicho, ikiwa peke yake, haitoshi kumtia mtu hatiani chini ya kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki.

Kifungu chenyewe hakina namba. Anayeadhibiwa, kwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili au vyote pamoja, ni yule anayeendesha gari akiwa amelewa kiasi cha kutoweza kulimudu ipasavyo. Namba zimo kwenye kanuni za kipima ulevi za 2011: mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi, miligramu 80 katika mililita 100 za damu, 107 katika mkojo. Na kanuni hutungwa na waziri. Sura ya 2 ya sheria za Kenya, ile ya kufasiri sheria, kifungu cha 31(b), inakataza kanuni yoyote kupingana na sheria iliyoizaa. Bunge limesema kosa ni kushindwa kulimudu gari. Waziri hana uwezo wa kusema kosa ni kupita 35.

Wanaoilalamikia hukumu hiyo wana hoja nzito, tena inayotoka kwenye kizuizi cha polisi barabarani. Dereva anayesimamishwa saa nane usiku amefika kwenye kizuizi taratibu, nyuma ya magari mengine, na hakuna afisa aliyemwona akiyumba. Atakachokieleza afisa mahakamani ni harufu, macho mekundu na ulimi mzito, na wakili atauliza kama uchovu haufanyi hivyo hivyo. Bila daktari kumpima usiku uleule, namba ndiyo ushahidi pekee wa maana.

Lakini namba hiyo ya 35 inabeba mengi. Imetokana na kipimo cha damu: inachukuliwa kwamba pombe iliyo katika damu ni mara 2,300 ya ile iliyo katika pumzi, na 35 mara 2,300 inakupa miligramu 80.5. Hiyo 2,300 ni makadirio ya watu wengi. Kwa mtu ambaye uwiano wake ni 2,000, pumzi ya 36 ina maana damu yake ina 72. Kwa pumzi ana hatia, kwa damu hana.

Tuhesabu na chupa. Bia ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ya kilevi ina kama gramu 16.6 za pombe. Kwa mwanamume wa kilo 70, kila chupa huongeza takriban miligramu 35 katika mililita 100 za damu. Chupa tatu ni 105. Ini likiondoa 15 kwa saa, saa mbili tangu aanze kunywa amebaki na 75, yaani yuko chini ya kiwango cha 80. Ini likiondoa 10 tu, ana 85. Chupa zilezile, baa ileile, mmoja anaenda nyumbani na mwingine kizimbani. Akiwa amepiga funda la mwisho dakika tano kabla ya kupuliza, kifaa kinasoma pombe ya mdomoni na namba inapaa bila sababu. Ndiyo maana kipimo cha kuaminika kinataka kusubiri robo saa, mrija mpya, kupuliza mara mbili na kuchukua namba ndogo, pamoja na cheti kinachoonyesha kifaa kilirekebishwa lini.

Kuna jambo jingine, na hili huwapata hata wanaokiri. Tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, 1973, mshtakiwa anayekubali shtaka lazima asomewe maelezo yanayoonyesha kosa lote. Maelezo yakisema tu kwamba alipuliza akapata 0.60 (kwa miligramu kwa lita, yaani 60 kwa kipimo cha kanuni), hayajagusa kulimudu gari, na hukumu hiyo inaweza kuanguka kwenye rufaa. Faini imelipwa, kesi imekufa.

Maneno haya ya kulimudu gari yametoka Uingereza, kwenye sheria yao ya barabara ya 1930. Waingereza waliyaona yanawaponyoka vivyo hivyo, na mwaka 1967 Bunge lao likaandika miligramu 80 ndani ya sheria yenyewe kama kosa linalojitegemea, bila kufuta lile la zamani. Kenya iliazima namba ikaiweka mahali pasipoweza kuibeba. Kifungu kidogo kimoja cha Bunge, chenye kiwango, utaratibu wa kupima na adhabu ya kukataa kupuliza, kingetosha.

Badala yake kinachodaiwa ni faini kubwa zaidi. Ipandishe kutoka 100,000 hadi 500,000: ushahidi unaotakiwa mahakamani unabaki uleule, ila bei ya kuachiliwa palepale barabarani, yaani hongo, inapanda.

Mwenye kuumia na haya ni abiria wa asubuhi. Dereva aliyeacha kunywa saa saba usiku akiwa na 180, kwa mwendo wa 15 kwa saa, saa moja asubuhi bado ana 90. Ameoga, amekunywa kahawa, anazungumza vizuri, anatembea wima, na wala kahawa haijapunguza hata miligramu moja. Chini ya kifungu cha 44 kilivyoandikwa, huyo ataachiliwa, na hakimu atakayemwachilia atakuwa amefuata sheria.