Mkono Mnyoofu, Sindano Butu

Fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani, hapa Dar es Salaam, alinielewa haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsimulia habari hizi. Nilimpelekea kipande cha alumini anikerezee kipachiko kidogo, akataka kujua ni cha kazi gani. Nikamwambia nina gramafoni ambayo mkono wake wa sindano hauzunguki kwenye egemeo kama zilivyo nyingine, bali unatembea juu ya reli, umenyooka, kutoka ukingoni mwa santuri hadi katikati. Akageuka akaitazama mashine yake ya kukereza, kisu kinatambaa taratibu kando ya chuma kinachozunguka. "Kaka, si ndiyo hii hii? Hata hiyo santuri yenyewe watakuwa waliichonga hivi."

Ndivyo walivyoichonga. Santuri mama hukatwa na sindano inayosafiri kwa mstari ulionyooka. Halafu sisi wasikilizaji tukapewa mkono unaofunguka na kufunga kama mlango kwenye bawaba, tukaambiwa ufuate michirizi ile ile. Wahandisi walijaribu kuliponya hilo kwa kukipinda kichwa cha mkono. Mswidi Erik Löfgren alichapisha hesabu yake mwaka 1938, na hadi leo wanaofunga katriji, kile kifaa cha kichwani kinachobeba sindano, wanaitegemea. Mkono wa kawaida ukifungwa kwa uangalifu, pembe yake inakosea kwa nyuzi kama 2 hivi pale inapokosea zaidi, na inakuwa sahihi kabisa katika sehemu mbili tu za santuri. Kile kichwa kilichopindwa nacho kinauvuta mkono kuelekea katikati, kwa hiyo inabidi uwekewe springi au kijiuzito cha kuuzuia. Mkono wa reli hauna shida hizi mbili. Ndiyo maana wengine tukiuona mara ya kwanza tunapoteza akili.

Bang & Olufsen, kampuni ya Denmark, walitoa gramafoni ya mkono wa reli, Beogram 4000, mwaka 1972, kazi ya mbunifu Jacob Jensen. Ina mikono miwili sambamba, mmoja umebeba sindano, mwingine una jicho la mwanga la kupeleleza kama kuna santuri juu ya sahani. Technics wa Japani nao wakaja na SL-10, mashine nzima ukubwa wake sawa na jalada la santuri, mkono umefichwa ndani ya kifuniko. Baada ya hapo Wajapani wakazimwaga sokoni za bei nafuu, za plastiki, na mojawapo ya hizo ndiyo iliyonifikia mimi ndani ya kontena la mitumba, imefungiwa kwenye shuka.

Mwaka mzima nilikuwa naiboresha. Sehemu kubwa ya niliyoyafanya iliiharibu, na nayasema haya kwa sababu kila ninapokutana na mtu mwenye mashine ya aina hii, swali lake la kwanza ni aongeze nini. Asiongeze kitu. Kwanza aondoe.

Kwa nini? Mkono huu wenyewe hauko mnyoofu kwa maana tunayoidhania. Unakaa kwenye kigari, na ndani ya kigari una egemeo dogo. Sindano ikivutwa na mchirizi, mkono unapinda kidogo sana, jicho la mwanga linaona, mota inaamshwa na kukisogeza kigari mpaka mkono unyooke tena. Kisha unapinda tena. Unakosea, unajirekebisha, unakosea, wimbo mzima. Ubora wote wa mashine uko katika udogo wa kosa lile na wepesi wa kulirekebisha. Sasa fikiria mkanda wa mota uliolegea kwa miaka 40, na grisi ya reli iliyogeuka kuwa gundi. Kigari hakitambai tena, kinaruka. Kosa linakua, linakua, halafu kigari kinachupa ghafla. Mimi nilikuwa nausikia mchupo huo kwenye spika ya kushoto nikadhani ni katriji mbovu.

Ndipo nikaenda Gerezani. Mashine za aina hii nyingi hutumia katriji ya kuchomeka, ya kipimo ambacho watengenezaji walikubaliana: unaichomeka, unakaza skrubu moja, sindano inakandamiza kwa gramu 1.25, hakuna cha kupima pembe. Mimi nikaona hiyo ni ya watoto. Nikataka kipachiko cha kufungia katriji nzito ya skrubu mbili, na nyuma ya mkono nikaongeza vipande vya madini ya risasi ili uzito ulingane. Kwa macho ilipendeza. Ila katriji siyo kitu cha kufunga tu. Ubua wa sindano, kile kijiti kinachoibeba, umeshikwa na raba laini, kwa hiyo mkono mzima ni mzigo uliokaa juu ya springi, na kila mzigo juu ya springi una mchezo wake wa asili. Hesabu yake ni rahisi: zidisha uzito unaotembea, kwa gramu, na kipimo cha ulaini wa ile raba, tafuta kipeuo cha pili, 159 igawanye kwa jibu hilo. Gramu 15 na ulaini 16 zinakupa mtikisiko wa mara 10 hivi kwa sekunde, pazuri kabisa, maana inatakiwa kati ya 8 na 12. Mimi na kipachiko changu na risasi zangu nilifika gramu 32. Hiyo ni mara 7, inashuka kuelekea kwenye mawimbi ya santuri iliyopinda. Na santuri zilizokaa Dar es Salaam miaka 40 chini ya bati, niambie ipi haijapinda. Spika zilikuwa zinaingia na kutoka kama mtu anayehema, na sauti ya besi yenyewe haipo.

Kosa la pili nalitaja kwa aibu. Karibu na jicho la mwanga kuna skrubu ndogo ya kurekebishia. Nilisoma mahali kwamba ukiizungusha, mkono unakuwa mwepesi zaidi kujirekebisha. Kweli ukawa mwepesi. Ukawa unatetemeka kama mwenye homa, mota inakwenda na kurudi bila kukoma, na mlio wake unapita hadi kwenye sindano. Kuirudisha palipokuwa kulinichukua Jumapili mbili kwa sababu sikuweka alama.

Kilichofanya kazi kiligharimu pesa ya chai. Mkanda mpya, mfupi kidogo kuliko njia yake. Urefu niliupata kwa kuzungusha uzi kwenye magurudumu mawili na kuupima kwa rula. Spiriti na pamba za masikioni kwenye reli, mpaka pamba itoke nyeupe. Tone moja la mafuta ya cherehani, moja, kisha nikalifuta nusu. Egemeo dogo ndani ya kigari nikalisafisha bila kulipaka chochote. Mwisho pima maji juu ya sahani, huku na huku, maana mkono huu hauna springi ya kuuzuia na meza ikiinama nao unainama. Siku hiyo mchupo uliisha.

Pesa yenyewe, kama unayo, ipeleke kwenye sindano. Hapa wengi hawanikubalii, basi tazama hesabu. Santuri kubwa inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika mwanzo hadi mwisho, lakini mchirizi wa nje ni mrefu kuliko wa ndani. Ukingoni, santuri inapita chini ya sindano kwa sentimita 51 hivi kila sekunde. Wimbo wa mwisho, karibu na lebo, ni sentimita 21. Sauti kali ya mitetemo 10,000 kwa sekunde, ambayo nje wimbi lake lina urefu wa mikroni 51, ndani inabanwa hadi mikroni 21. Sindano ya ncha ya mviringo ina nusu kipenyo cha mikroni 18 hivi. Haiingii humo. Inapita juu juu kama gurudumu la lori kwenye makorongo ya baiskeli. Hakuna reli duniani itakayoisaidia. Ncha ya duaradufu, ambayo upande wake mwembamba ni mikroni 8 hivi, inaingia, na hapo ndipo unyoofu wa mkono unapoanza kulipa, kwa sababu ncha nyembamba ndiyo inayoudhika na pembe mbaya. Mkono mnyoofu wenye sindano butu ni suti ya harusi na kandambili.

Nyumbani kwetu lakini zinazopigwa sana ni zile ndogo za 45 alizoacha marehemu baba, nyingi za Nairobi, na hizo zina lao jambo. Tundu la baadhi yake halipo katikati. Tazama mkono wakati inazunguka: kushoto, kulia, kushoto, mara 45 kwa dakika. Mkono wa kawaida unacheza nayo bila shida. Huu wangu unalitegemea lile egemeo dogo, na kabla ya kulisafisha ulikuwa unaisukuma sindano upande mmoja wa mchirizi kila mzunguko. Kwa hiyo ukiniuliza kama mkono wa reli unazifaa santuri zetu, nitakujibu kwamba unazifaa ukiwa safi, na mkono wa kawaida unazifaa hata ukiwa mchafu kidogo.

Wako pia waliotupa mota kabisa. Kigari chao kinavutwa na mchirizi wenyewe juu ya mrija wa kioo na beringi ndogo kama punje za mtama, au kinaelea juu ya hewa ya pampu ya hodhi la samaki. Nimejaribu cha kioo. Hapo adui ni waya: nyaya nne za katriji zikiwa ngumu kidogo tu, zinakivuta kigari, kwa hiyo unatafuta nyuzi nyembamba kama nywele na kuziachia mzingo mlegevu hewani. Vumbi la msimu wa kiangazi lilinishinda. Kila upande wa santuri lazima kwanza nifute kioo. Cha pampu sikukigusa, mke wangu alishasema nyumba ina kelele za kutosha.

Siku hizi ile ya plastiki ndiyo ipo sebuleni, katriji yake ya kuchomeka imerudi, ncha ni ya duaradufu. Fundi wa Gerezani ameniuliza mara mbili kama kipachiko chake kinafanya kazi vizuri. Mara zote mbili nimemwambia kinafanya. Kipo kwenye mkebe wa vifungo.