Mara 41 kwenye mshale wa juu

Ijumaa iliyopita nilikaa pembeni ya fundi mmoja kijana, katika ofisi ya duka la nyavu na injini za mitumbwi lililo hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, nikamtazama akibonyeza mshale wa juu wa kibodi, ule unaorudisha amri ulizokwisha kuandika moja moja, mara 41. Sikuanza kwa nia ya kuhesabu, lakini kufikia mara ya 12 hivi sikuweza tena kuangalia kitu kingine. Alikuwa anatafuta amri ya kuchukua nakala ya akiba ya hifadhidata, yaani ile `pg_dump` ndefu yenye vikorombwezo vinne vitano ambavyo hakuna mtu mwenye shughuli zake anayevikariri, na ambayo yeye mwenyewe aliiandika kwenye seva hiyo hiyo siku ya Jumanne. "Nitaikuta tu, kaka, ipo hapa hapa juu," aliniambia, huku kazi za wiki nzima zikipita mbele yetu moja moja: `ls`, `cd ..`, `ls`, `clear`, `ls`.

Ilipotokea, kidole kilikuwa kimeshazoea mwendo kuliko macho. Aliipita kwa hatua moja, akabonyeza Enter, na amri iliyokuwa imekaa pale ilikuwa `systemctl stop postgresql`, inayozima hifadhidata nzima, naye alikuwa ameingia kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Kule kaunta, ambako wateja watatu walikuwa wamekumbatia nyavu zao wakisubiri risiti, sauti ya dada wa mauzo ikasikika: "Jamani, mtandao umekata tena?" Kwetu kila kinachosimama huitwa mtandao, kwa hiyo kijana akapata pa kujificha, na ndani ya dakika moja huduma ikawa imewashwa tena.

Kilichoniudhi si kosa lenyewe, kwa kuwa mimi nimewahi kuzima vya watu vikubwa kuliko hivyo. Kilichoniudhi ni kwamba terminali ya kijana huyu, lile dirisha la kuandikia amri, ilikuwa imerembwa kama bibi harusi: picha ya mlima wenye theluji nyuma ya maandishi, rangi saba, alama ndogo ya roketi kabla ya kishale cha kuandikia, na jina lake linalojichora kwa herufi kubwa kila anapofungua dirisha. Alikuwa na muda wa kuchagua roketi. Hakuwa na muda wa kuuliza kama mshale anaoubonyeza mara mia kwa siku unaweza kufundishwa kazi.

Mama ninayenunua kwake dagaa pale Mwaloni ana kaunta buku la madeni ambalo amelikata pembeni kwa wembe, ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikiwa na herufi yake. Akitajiwa Masanja, kidole chake cha gumba kinatua kwenye M kabla hujamaliza kutamka jina, na ukurasa unafunguka penye deni. Sijawahi kumwona akianza na ukurasa wa leo na kurudi nyuma mmoja mmoja, akipita wadaiwa wote wa wiki, mpaka amkute Masanja. Angefanya hivyo, wateja wangehamia meza ya jirani. Sisi wenye vyeti ukutani ndio tunaorudi ukurasa kwa ukurasa, kisha tunajiita wataalamu wa taarifa.

Herufi hizo za pembeni zimo tayari ndani ya sheli, programu inayopokea amri zako (na simaanishi pale pa kujaza mafuta). Bash, sheli ya kwenye seva nyingi za Linux, husomewa kibodi na maktaba iitwayo Readline, nayo inao utafutaji wa aina hii kwa miaka mingi. Unachotakiwa kufanya ni kufungua faili la `.inputrc` katika folda yako ya nyumbani na kuandika mistari mitatu:

`$include /etc/inputrc`
`"\e[A": history-search-backward`
`"\e[B": history-search-forward`

Mstari wa kwanza watu huuacha, kisha wanalalamika kwamba vitufe vingine vimeharibika. Ukiwa na faili lako mwenyewe, Readline haisomi tena lile la mfumo mpaka uiambie. Mistari miwili inayofuata ndiyo inayoubadilisha mshale. Ukishahifadhi, bonyeza Ctrl na X, halafu Ctrl na R, ili faili lisomwe bila kutoka. Kuanzia hapo ukiandika `pg` na kubonyeza mshale wa juu, hutaletewa amri ya mwisho uliyoiandika, bali amri ya mwisho inayoanza na `pg`. Ukibonyeza tena unapata iliyoitangulia miongoni mwa hizo hizo, na yale mafuriko ya `ls` hayakuhusu. Ukibonyeza mshale bila kuandika chochote, unafanya kazi vile vile ulivyofanya zamani, ndiyo maana sikubali hoja ya wanaosema kwamba hawataki kubadilisha mazoea yao. Hakuna zoea linalobadilika. Zaidi ya hayo, `psql`, programu ya kuiuliza hifadhidata ya PostgreSQL, ikiwa imejengwa kwa Readline nayo husoma faili hilo hilo, kwa hiyo `SELECT` yako ya juzi inapatikana kwa njia ile ile.

Kinachonitia uchungu ni kwamba kwenye Debian na Ubuntu wazo hili limeshaandikwa ndani ya `/etc/inputrc`, kwa vitufe vya Page Up na Page Down, kisha likafungwa kwa alama ya reli (#) mbele ya kila mstari, ili usisomwe. Chakula kimepikwa, kimefunikwa kawa, na vizazi vya mafundi vimekipita vikiwa na njaa.

Najua mtaniambia kuhusu Ctrl na R peke yake, inayotafuta neno lolote ndani ya amri zilizopita. Ni nzuri, siikatai, hasa unapokumbuka neno la katikati ya amri na si mwanzo wake. Lakini ukiipitiliza na kutaka kurudi mbele kwa Ctrl na S, skrini inaganda, kwa sababu kitufe hicho bado kinatii utaratibu wa enzi za mashine za teletaipu wa kusimamisha maandishi. Nilifunga madirisha mangapi nikidhani seva imekufa, kabla sijajua kwamba Ctrl na Q inaifungua na kwamba `stty -ixon` ndani ya `.bashrc`, faili ambalo Bash husoma inapoanza, inamaliza ugomvi wenyewe, sitawaambia.

Mtaniambia pia kuhusu fzf, programu ya kutafuta ya Junegunn Choi. Haya, nakiri kwa shingo upande kwamba inaipita mistari yangu kwa mbali, nami ninayo kwenye laptopu. Ila kwenye seva ya mteja asiyeruhusu kusakinishwa chochote, mistari mitatu ya maandishi inaingia bila kuomba kibali cha mtu, na ni lazima iingie huko huko, kwa kuwa faili lililo kwenye laptopu yako halina kauli ukishavuka kwenda mashine nyingine. Wa zsh, sheli nyingine, watumie `bindkey` na `history-beginning-search-backward`, kwao `.inputrc` haisomwi.

Na kabla ya kutafuta, hakikisheni kuna cha kutafutwa. Bash isiporekebishwa hukumbuka amri 500 tu, na huziandika kwenye faili pale unapotoka, jambo linalomfaa mtu ambaye umeme wake haukatiki saa nane mchana. Ndani ya `.bashrc` wekeni `HISTSIZE` kubwa pamoja na `HISTFILESIZE`, yaani idadi ya amri za kukumbukwa na za kuhifadhiwa kwenye faili, na `history -a` ndani ya `PROMPT_COMMAND`, ili kila amri iandikwe mara inapomalizika.

Kabla sijaondoka dukani nilimwandikia kijana mistari ile kwenye seva. Akaandika `pg`, akabonyeza mshale mara moja, na ile `pg_dump` ya Jumanne ikaja na vikorombwezo vyake vyote. Aliitazama kwa muda bila kusema neno, kisha akaniuliza kama kuna mstari mwingine wa kubadilisha rangi ya kishale.