Nyumba Yake, Kodi Yangu

Kiswahili kinasifiwa kwa utajiri wa maneno, lakini kuna mahali kimoja kilifilisika: kodi. Hela ninayompa mwenye nyumba ili nilale kwake inaitwa kodi. Hela ambayo mwenye nyumba anatakiwa kuipa serikali kwa kuwa ana nyumba, nayo inaitwa kodi. Ukimsikia mtu anasema "nimelipa kodi ya nyumba", huwezi kujua kama ni tajiri au ni mwenzangu na mimi. Mimi nalipa zote mbili, na nyumba sina. Hata banda la kuku sina, na kazi yangu ni kuuza saruji.

Naishi Mbagala. Nyumba ya vyumba sita, korido katikati, choo uwani, mita ya LUKU moja, ile ya kununua umeme kabla ya kuutumia. Chumba cha kwanza anakaa Mama Maandazi na friji lake la kugandishia barafu za ubuyu. Cha pili Mwalimu, mkewe na watoto wanne. Cha tatu Bodaboda, ambaye ana taa moja na spika moja, na spika ndiyo inayokula umeme. Cha nne mimi. Cha tano Bibi, mjane wa miaka 70 na kitu, umeme wake ni redio ya kusikiliza matangazo ya vifo. Cha sita kuna dada wa saluni ambaye hatumjui vizuri maana anatoka alfajiri na kurudi usiku, ila pasi yake ya nywele tunaijua sote.

Zamani tulikuwa tunaishi kama ndugu. Umeme ukiisha, aliyefikiwa na zamu ananunua wa elfu tano, uniti 14 zinaingia, watoto wanapiga makofi. Kisha ikaja Agosti 2021, kodi ya majengo ikahamia kwenye LUKU. Shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida, 5,000 kwa kila ghorofa ukiwa na ghorofa mjini. Mwaka 2023 wakaona tumezoea, ikawa 1,500, na ghorofa 7,500. Inakatwa mwezi ukianza, kwenye manunuzi ya kwanza kabisa. Hapo ndipo shetani alipopitia.

Maana anayenunua tarehe moja ndiye anayeliwa. Ukiweka elfu tano, kwanza 1,500 inaondoka. Kwenye 3,500 iliyobaki inaingia VAT asilimia 18, REA ya umeme wa vijijini asilimia 3, EWURA wasimamizi wa nishati na maji asilimia 1, halafu ndiyo unapewa umeme: uniti 9.8. Unaangalia simu, unaangalia mita, unaiangalia nyumba, unajiuliza ni ya nani.

Sasa njoo Mbagala tarehe 30 uone maajabu. Watu wanagombea kununua umeme! "Zamu yangu hii!" "Aa, jirani, pumzika, nanunua mimi!" Upendo umetawala, mita imeshiba. Tarehe moja, nyumba nzima ina misiba. Mwaka jana peke yake Bodaboda alifiwa na bibi mzaa mama mara tatu. Mwalimu anakuwa na semina. Dada wa saluni anachelewa kuliko kawaida yake ya kuchelewa. Taa zikizima, hakuna anayetoka. Milango sita imefungwa, watu sita wanakoroma kwa sauti ya kulazimisha, saa moja na nusu jioni.

Mara ya mwisho tulikaa gizani siku mbili. Barafu za Mama Maandazi ziliyeyuka, ubuyu ukatiririka koridoni mwekundu mpaka jirani akauliza kama kuna mtu kachinjwa. Hapo ndipo Bibi alipogonga mlango wa kila mtu kwa mkongojo akasema tukutane.

Tulikutana koridoni, kwa mwanga wa simu ya Bodaboda, yeye ndiye mwenye chaji, anachajia kijiweni. Mwalimu akafungua kikao kana kwamba yuko Dodoma.

"Ndugu wapangaji, jambo ni dogo. Elfu moja na mia tano, gawa kwa vyumba sita, kila chumba mia mbili na hamsini. Nimemaliza."

"Hujamaliza," akasema Bodaboda. "Mimi nakaa peke yangu. Wewe mko sita. Kila kichwa kilipe."

Mwalimu akacheka kicheko cha darasani. "Kodi ya kichwa ilishafutwa mwaka 2003, kijana. Ulikuwa hujaanza hata chekechea."

Mama Maandazi, akijua kinachokuja, akawahi kusema friji si anasa, ni mtaji. Dada wa saluni, ambaye ndiyo kwanza tunamwona sura, akasema mwenye mtaji ndiye alipe zaidi, basi. Mama Maandazi akamuuliza pasi ya nywele ni mtaji au ni mboga. Nikasimama mimi, nikasema kodi yenyewe haiangalii friji wala pasi, inaangalia jengo, hata tungewasha vibatari ingekuwepo. Wakanitazama kwa jicho la "huyu naye anaitetea serikali". Nikakaa.

Bibi akainua mkono. "Nasikia wazee wa miaka sitini na kuendelea tumesamehewa."

"Bibi, waliosamehewa ni wazee wenye nyumba, ile moja anayoishi mwenyewe, isiyomuingizia hela," akajibu Mwalimu.

"Kwa hiyo mzee mwenye nyumba hadaiwi, mzee asiye na nyumba anadaiwa?"

Mwalimu akakohoa. Kikao kizima kikakohoa. Nimeshasikia wabunge wakiulizwa maswali magumu, lakini lile la Bibi lingefaa kuulizwa na kumbukumbu zikawekwa.

Na Bibi hakuishia hapo. Akatusimulia kwamba babu yake alikuwa anasimulia kodi ya vibanda ya Mjerumani, ile iliyoanza mwaka 1898, rupia tatu kwa kibanda. Watu wakawa wanabanana familia mbili tatu kwenye kibanda kimoja ili wahesabiwe mara moja. Nikaitazama korido yetu, watu kumi na moja, mita moja, nikasema kimoyomoyo kumbe ule ujanja haujaisha, umepata umeme tu. Ila Mjerumani na ukatili wake wote alikuwa anahesabu kibanda anamfuata mwenye kibanda. Hakumfuata mgeni aliyekuja kulala.

Ngoja niseme kitu kimoja, maana nisiposema nitapasuka. Sikatai kodi. Mfereji wa pale kwetu ukizibuliwa nami nitafurahi, hata kama wanaozibua ni watoto wa mtaa kwa majembe yao. Kinachonichoma ni kipimo. Nyumba ya kawaida ni nyumba ya kawaida: 1,500. Hii yetu, ukuta umepasuka mpaka mjusi anapita na mizigo yake, 1,500. Nenda Masaki, utakuta nyumba ya chini, imetandaa kama uwanja wa ndege, bustani, gari nne, bwawa la kuogelea: 1,500. Wanahesabu ghorofa za kwenda juu. Bwawa la kuogelea linakwenda chini.

Halafu uende Mbande, kuna jamaa mwuza nguo za mitumba, amejibana miaka kumi na tatu akaongeza ghorofa moja juu, haina hata madirisha, ameziba kwa mifuko. Kila ghorofa 7,500. Kosa lake ni kujenga kwenda juu. Angechimba.

Turudi kwangu. Kikao kilifungwa bila muafaka isipokuwa kimoja: niende mimi kwa mwenye nyumba. Kwa nini mimi? Kwa sababu nauza saruji, eti tunaongea lugha moja. Mwalimu akanipa silaha za kisheria. Akanikumbusha kuna sheria ya kodi za majengo mijini tangu mwaka 1983, na humo anayedaiwa ni mwenye jengo, siyo mpangaji. Akanikumbusha kuwa hata ulipoanza utaratibu huu wa LUKU, serikali ilisema yenyewe: mpangaji akikatwa, wakubaliane na mwenye nyumba amrudishie. Neno "wakubaliane" alilitamka polepole sana, kama anayemtuma mtoto dukani kukopa.

Tukakusanya meseji zote za LUKU za mwaka mzima, kila mtu akanitumia zake. Kukatwa mara kumi na mbili, jumla 18,000. Nikaziandika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji kwa kalamu nyekundu, nikapanda daladala mpaka Chamazi.

Nikamkuta mzee barazani, kanzu safi, miguu kwenye stuli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu, umeleta kodi?"

Nikasema nimekuja kwa ajili ya kodi, ila ile nyingine. Nikamsomea karatasi yangu yote, mpaka mwaka 1983. Alinisikiliza kwa utulivu. Akaagiza niletewe maji. Nikajua nimeshinda, maana mtu asiyekubali hakupi maji ya baridi.

"Kijana," akasema, "mimi nina miaka sitini na nane. Sheria imenisamehe."

"Mzee, imekusamehe hii unayokaa. Ile ya Mbagala unatupangisha, ina kipato."

"Kipato gani? Mpangaji mwenyewe kaja kunidai."

"Na kama umesamehewa wewe mzee, mbona nakatwa mimi?"

"Hilo waulize wenye mita."

Nilikunywa maji yale yakanipalia. Sheria inamdai yeye, msamaha anao yeye, makato ninayo mimi. Hata Bibi hakufika mbali hivyo. Mzee akasimama, akanishika bega, akaniambia amenielewa, atalifanyia kazi, nisiwe na wasiwasi. Nikarudi Mbagala kifua mbele. Nikapokewa kama mchezaji aliyefunga dakika ya tisini. Mama Maandazi alinipa maandazi mawili bure, na huyo mama hata mume wake alikuwa analipia.

Siku nne baadaye ikaja meseji kwa wapangaji wote. "Kutokana na kupanda kwa kodi ya jengo, kuanzia mwezi ujao kila chumba kitaongezeka shilingi elfu tano. Asanteni kwa ushirikiano."

Fanya hesabu mwenyewe. Nilikwenda kudai elfu kumi na nane ya nyumba nzima kwa mwaka. Chumba changu peke yake kimeongezwa elfu sitini kwa mwaka. Vyumba sita ni laki tatu na sitini. Kwa kodi ambayo halipi! Maandazi nilidaiwa siku ileile. Bodaboda alianza kuniita "Waziri wa Fedha", na siku hizi nikipita uwani watoto wa Mwalimu wanasimama wima.

Nilifikiria kuhama. Nikaangalia chumba Kongowe, kizuri, kina mita yake pekee. Nikauliza umeme ukoje, dalali akasema umeme upo, ununue tu. Nikanunua wa elfu tano kujaribu, nikakuta mita ina deni la miezi minne, nyumba ilikuwa tupu. Elfu sita! Nadaiwa kodi ya miezi ambayo hata sikuwa najua kama Kongowe kuna njia ya kushoto. Nikarudi Mbagala kwa wenzangu, walau huku deni tunalijua kwa jina.

Basi, juzi ilikuwa tarehe moja. Giza kama kawaida, misiba kama kawaida, makoromo kama kawaida. Mara nasikia mlango wa mbele, kisha fimbo, kisha sauti: "Hodi humu!" Mwenye nyumba. Amekuja mwenyewe kukusanya kodi mpya, maana kwenye simu watu walianza kumwambia mtandao unasumbua.

Anapapasa ukuta, anajikwaa kwenye ndoo ya Mama Maandazi, anauliza mbona giza. Bibi akafungua mlango wake kidogo tu, kiasi cha kutoa sauti.

"Umeme umeisha baba. Na sisi wote simu hazina salio. Weka wa elfu mbili tu, tukuhesabie hela yako kwenye mwanga."

Mzee akanung'unika, akatoa simu, akasomewa namba ya mita. Tulisikia vidole vyake vikibonyeza, kimoja kimoja. Hakuna aliyekoroma. Meseji ikaingia. Akaisoma. Akaisogeza mbali na macho, akaisoma tena.

"Uniti moja nukta nne?" akasema. "Elfu mbili yangu imekwenda wapi?"

Milango sita ikafunguka kwa mpigo mmoja, na Bibi akatoka nje kabisa na mkongojo wake.

"Karibu nyumbani kwako, baba," akamwambia.