Acheni Kuokota Beti Zilizopotea

Kuna mahali katika hadithi za mashabiki, zile tunazoandika kwa kuendeleza ulimwengu wa filamu au riwaya tunazozipenda, ambapo mimi hufunga simu nikalala. Ni pale mzee wa hekalu anapopangusa vumbi kwenye bamba la jiwe, anashtuka, kisha anasema: "Kumbe unabii una ubeti mwingine!" Najua kitakachofuata. Ubeti huo utatamka waziwazi kile alichokitaka mwandishi tangu mwanzo, kipenzi chake atavikwa cheo, na yale maneno niliyoyachambua kwa sura kumi na mbili hayatakuwa na kazi tena.

Nasema haya nami nikiwa mkosaji. Hadithi yangu ya kwanza ilikuwa na beti mbili zilizopotea, na mmoja ulipatikana ndani ya kumbukumbu ya roboti mbovu. Nilijiona nimevumbua kitu.

Siku hizi nina msimamo mmoja tu kuhusu jambo hili: maneno ya unabii wa hadithi mama, yaani kazi ya asili tunayoiendeleza, yasiguswe. Yaache yalivyo, hata yakikukera. Shabiki ana uhuru wa kugeuza kila kitu kingine, lakini hapo kazi yake ni kusoma upya.

Chukua unabii maarufu kuliko wote katika fantasia ya kisayansi, ule wa Star Wars. Filamu ya mwaka 1999 ilituambia kwamba atatokea mteule atakayeleta mizani katika ile Nguvu, uwezo wa ajabu unaoenea ulimwengu wao wote na wenye upande wa mwanga na wa giza. Neno moja hilo, mizani, limelisha hadithi zisizohesabika. Ni mizani gani? Wapo wanaosema ni giza kuondoka kabisa, na George Lucas mwenyewe, mtunzi wa Star Wars, amewahi kueleza kwamba ndivyo alivyokusudia. Wapo pia wanaohesabu vichwa: Jedi, mashujaa wa upande wa mwanga, walikuwa wengi, Sith, maadui zao wa giza, wawili tu, basi mizani ikiwa ni mizani kweli, sahani moja lazima ipunguzwe. Na nani aliyeipunguza kama si Anakin Skywalker, mteule huyohuyo? Kwangu mimi, maelezo ya Lucas ni ya mtunzi, si ya nabii. Waliomo ndani ya hadithi hawakuyasikia. Walikuwa na neno tu, na katika filamu ya mwaka 2005 Yoda, mwalimu mkuu wa Jedi, anakiri kwamba huenda lilisomwa vibaya. Mwandishi mwenye neno hilo na hesabu hiyo anatafuta ubeti wa ziada wa nini?

Tena sisi neno hilo limetuongezea utamu wa bure. Mizani kwetu ni pia hesabu ya silabi katika mshororo. Kwa hiyo, kama moyo wako umeng'ang'ania ubeti uliopotea, basi uweke, lakini mpe mhusika mmoja masikio ya mshairi. Auhesabu ubeti ule mpya, akute mshororo mmoja una silabi kumi na tano mahali pa kumi na sita, ajue umeghushiwa. Hiyo hadithi ningeisoma hadi alfajiri.

Ufundi huu wa neno lisilobadilika ni wa kale. Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, anasimulia habari za Croesus, mfalme wa Lydia katika karne ya 6 kabla ya Kristo, aliyetuma watu Delphi, kwenye hekalu la unabii la Wagiriki, kuuliza kama aende vitani na Waajemi. Akajibiwa kwamba akienda ataangusha dola kubwa. Akaenda, na dola iliyoanguka ikawa yake. Alipolalamika, jibu lilikuwa kali: ungeuliza tena, dola ipi? Watu wengi wanakikumbuka kisa hiki, lakini mimi napenda zaidi unabii wake wa pili, ule wa nyumbu. Aliambiwa kwamba siku nyumbu atakapokuwa mfalme wa Wamedi, akimbie asione haya. Croesus akatulia, maana tangu lini nyumbu akakalia kiti cha enzi? Nyumbu alikuwa Cyrus, mfalme wa Waajemi, ambaye mama yake alikuwa Mmedi na baba yake Mwajemi, chotara kama nyumbu mwenyewe, mtoto wa punda na farasi. (Ukiusimulia kwa Kiswahili, sharti uweke wazi kwamba huyu si nyumbu wa mbugani. Au usiweke wazi, umzidishie Croesus mashaka.)

Angalia jinsi alama ile inavyofanya kazi. Nyumbu hakuwekwa pale kwa kuwa anapendeza. Tabia moja ya kweli ya mnyama, kuzaliwa na aina mbili, ndiyo ufunguo, na kila mtu aliyesikia unabii aliijua. Hakuna aliyefichwa kitu. Ndiyo maana nasema fumbo ni mlango wenye kufuli, na ufunguo unaning'inia ukutani machoni pa wote. Hadithi nyingi ninazosoma hazina fumbo, zina ukungu: "kivuli kitakutana na mwanga, na mwisho utakuwa mwanzo." Maneno hayo yanafaa kila tukio, kwa hiyo hayatabiri lolote. Kipimo changu ni rahisi. Andika maana mbili za unabii wako pembeni. Kama mhusika angefanya kilekile kwa maana zote mbili, futa.

Sasa, fantasia ya kisayansi ina utajiri ambao fantasia tupu haina: kila unabii una kamusi mbili, ya hekalu na ya maabara. "Aliyezaliwa mara mbili" hekaluni ni mtu aliyetakaswa. Maabara watakuuliza: ni pacha aliyenakiliwa kutoka seli moja, ni rubani aliyegandishwa miaka mia mbili akaamshwa, au ni akili iliyohamishwa kutoka mwili hadi mashine? "Jicho lisilolala" ni mungu, au ni setilaiti ya ulinzi iliyosahaulika angani? Ubaya ni pale mwandishi anapoifungua kamusi moja tu, hasa ile ya maabara, akadhani ameerevuka: kumbe muujiza wote ulikuwa kompyuta. Nimechoka na ufunuo huo. Setilaiti inaweza kuwa setilaiti na bado wanaoiabudu wakawa wameona kitu cha kweli ndani yake.

Halafu kuna swali la nani aliyeyapanda maneno. Katika Dune, riwaya ya mwaka 1965, watawa wa Bene Gesserit walikuwa na kitengo kizima cha kupanda ngano na unabii kwenye sayari za mbali, ili mmoja wao akikwama huko apate pa kujishikiza. Paul, shujaa wa riwaya, na mama yake wanajiokoa kwa uongo uliopandwa zamani, nao Fremen, wenyeji wa jangwani, wanauamini kweli. Shabiki anayeandika kwenye ulimwengu wa namna hiyo hana haja ya kuthibitisha unabii wala kuukanusha.

Ila jambo linalonishangaza kuliko yote ni jinsi tunavyoandika unabii kwa Kiswahili kana kwamba tunatafsiri. Lugha hii imeumbwa kwa kazi hiyo! "Atakayerudi" hasemi kama ni mwanamume au mwanamke, na unaweza kumficha hadi ukurasa wa mwisho bila kutoa jasho. Lakini silabi hiyohiyo inafunga mlango mwingine, kwani "a" imeshaahidi chenye uhai. "Itakayorudi" inatupeleka kwenye meli, nyota, silaha. Na roboti je? Wengine husema amefika, wengine imefika, na vita vya kidini vya sayari nzima vinaweza kupiganwa juu ya silabi hiyo moja.

Hadithi ninayoiandika sasa imesimama hapohapo. Unabii unasema: "Kitakachorudi hakitakijua kilichokingoja." Makuhani wanangoja chombo kilichoondoka zamani, kwa kuwa "ki" ni ya vyombo. Mafundi wanangoja kifaa. Hakuna aliyekumbuka kwamba nabii alikuwa mtu wa kejeli, na kwamba watu wa kejeli humwita mtoto wasiyempenda "kitoto hiki". Katika sura ya mwisho chombo kinatua. Mlango unafunguka, na ndani yake kuna msichana wa miaka sita aliyeshikwa mkono na roboti kuukuu. Kuhani mkuu anafungua kinywa kuwakaribisha, na hajui aanze na "a" au "ki". Nimeiandika sentensi yake mara tisa. Mara ya kumi nimemwacha kinywa wazi.